Wimbo Umebaki, Mtunzi Kapotea

Ukifika Ipogolo, barabara ya kwenda Iringa mjini huiacha barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya na kupanda kilima. Huko juu Wajerumani walianzisha mji mwaka 1896, miaka miwili baada ya kuiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mwanamke wa siku hizo tunayeweza kumsoma kwa jina lake ni Magdalene von Prince, mke wa kamanda Tom von Prince. Aliandika shajara, na mwaka 1903 ikatoka kama kitabu huko Berlin. Wanawake wa Kihehe waliolima, waliokimbia na waliofiwa hadi vita vilipokoma kwa kifo cha Mkwawa mwaka 1898, wamo humo kama watu wa kutazamwa tu.

Hawakukosa usanii. Ushairi wao ulikaa kinywani: katika bembelezi, nyimbo za shambani, za harusi na za matanga. Kila aliyeupokea wimbo aliongeza chake, hata wajukuu wakauita wimbo wa kabila. Tumezoea kuambiwa kwamba ndivyo fasihi simulizi ilivyo, haina mwenyewe. Maelezo hayo hayaniridhishi. Majigambo nayo ni fasihi simulizi, na kwa kawaida mwenye kujigamba hujitaja kwa jina. Wanaume walipewa utanzu wa kujitaja. Wanawake wakaachiwa ule wa kumtaja mtoto, bwana harusi na marehemu.

Ndiyo maana namthamini sana Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na akiugua, alimtungia binti yake utendi wa wasia. Wahakiki wengi wameulaumu kwa kufundisha utii kwa mume. Wengine wamesikia kejeli chini ya utii huo. Mimi huvutwa na zile beti za mwisho. Anataja jina lake na la baba yake, anataja Pate alikozaliwa, mwaka wa Hijria 1275, na idadi ya beti alizotunga. Anapojitambulisha kama mtunzi, mume hayumo. Mama aliyetumia beti nyingi kumwelekeza binti namna ya kumridhisha mume, amefunga utendi kwa kujimilikisha kazi yake mwenyewe. Kama asingefanya hivyo, leo tungeuita utendi wa Waswahili, basi.

Kwa mwimbaji Siti binti Saad, kazi hiyo ya kuhifadhi jina ilifanywa na santuri. Alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Siti ni jina alilopewa ukubwani. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi, na sauti ikarudi ikiwa na jina lake.

Baada ya uhuru, Penina Muhando alilibeba suala hili la jina jukwaani. Katika tamthilia yake *Nguzo Mama* ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo, nao wanaitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, mpaka Bi Nane. Wana shida, wana hasira, wana ndoto, wananyimwa jina. Sijui tamthilia ya Kiswahili iliyosema jambo hili kwa ukali zaidi. Mwandishi mwenyewe, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kuchapisha kwa jina la Muhando, na baadaye vitabu vyake vikatoka kwa jina la Mlama. Anayetaka kazi zake zote maktabani hana budi kumtafuta mara mbili.