NYUMBA, SHAMBA NA UWANJA: MAISHA YA KILA SIKU KATIKA MIJI MIDOGO YA LUBERO, KUTOKA LUOFU HADI BUTEMBO

1.0 Utangulizi

Historia ya miji midogo ya Afrika ya Mashariki na Kongo ya Mashariki aghalabu imeandikwa kwa kufuata vita, watawala na mipaka. Siku ya kawaida ya mwananchi, yaani jinsi alivyoamka, alivyogawana kazi na watu wa nyumbani mwake, alivyokwenda shambani na alivyopumzika, imeachiwa wasimulizi. Makala haya yanaichunguza siku hiyo katika nyanda za juu za Lubero, Kivu ya Kaskazini, kuanzia Luofu upande wa kusini hadi Butembo upande wa kaskazini. Wenyeji wa sehemu hiyo ni Wanande, ambao hujiita pia Wayira, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Lukonzo inayosemwa ng'ambo ya Rwenzori nchini Uganda.

Mahali patatu panaangaliwa: nyumba, shamba na uwanja. Habari za nyumba na shamba zimewahi kuelezwa na wanahistoria. Uwanja, yaani ardhi iliyo wazi ambapo watu hukutana na kucheza, umedharauliwa. Hoja ya makala haya ni kwamba uwanja ndio unaoonyesha kwa uwazi zaidi nani mwenye haki juu ya ardhi ya mji, na haki hiyo inalindwa na nini.

2.0 Mji mdogo na uwanja wake: mfano wa Uskoti

Ili kuielewa hoja hiyo, inafaa kutazama kwanza mji mdogo wa mbali ambao historia ya uwanja wake imehifadhiwa katika maandishi. Katika pwani ya mashariki ya Uskoti umo mji wa St Andrews. Kati ya mji na bahari kuna ardhi ya mchanga na majani mafupi isiyofaa kwa kilimo. Hapo wananchi walilisha mifugo, walianika nguo na walicheza gofu. Mchezo huo haukuanza kama anasa ya wakubwa peke yao. Mwaka 1457 Bunge la Mfalme James wa Pili liliupiga marufuku pamoja na kandanda, kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya upinde na mshale. Sheria haipigi marufuku jambo lisilotendwa na wengi.

Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton aliruhusiwa kufuga sungura katika sehemu ya ardhi hiyo, lakini hati iliyoandikwa ilizihifadhi haki za wananchi za kucheza hapo gofu, kandanda na michezo mingineyo. Karatasi hiyo ilikuja kuwa na thamani kubwa. Mwaka 1797 baraza la mji, likiwa limelemewa na madeni, liliiuza ardhi hiyo, nayo ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Wachezaji waliwapeleka wafugaji mahakamani, na ugomvi ulidumu hadi mwaka 1821, mwenye shamba mmoja, James Cheape, alipoinunua ardhi na kuuokoa mchezo. Mwaka 1894 mji uliirudisha mikononi mwake kwa sheria ya Bunge. Hata leo uwanja mkongwe wa mji huo kwa kawaida haupigwi gofu siku ya Jumapili. Wananchi hutembea humo na watoto wao.

Gofu ilipoletwa Afrika ya Mashariki ilibadilika tabia. Viwanja vya Entebbe, mwaka 1901, na Nairobi, mwaka 1906, vilikuwa vya klabu za Wazungu. Mwafrika aliingia humo kwa kazi ya kubeba mfuko wa vijiti au kufyeka majani. Mchezo ulisafiri, ila haki ya mwananchi juu ya uwanja haikusafiri nao. Kwa hiyo anayetafuta ndugu wa uwanja wa St Andrews katika nyanda za Lubero asitafute klabu. Atafute mahali ambapo watu wa kawaida walikutana bila kuomba ruhusa.

3.0 Nyumba na kyaghanda

Mahali hapo pa kale palikuwa kyaghanda. Hiki kilikuwa kibanda cha makutano chenye moto katikati, ambapo wanaume wa ukoo walikaa jioni, wakala pamoja, wakaamua mashauri na kuwafundisha vijana. Kyaghanda hakikuwa nyumba ya mtu mmoja, wala hakikuwa nje ya familia. Jina hilo lingali hai: jumuiya ya utamaduni ya Wanande inaitwa Kyaghanda Yira, hata miongoni mwa watu wanaoishi mjini na walio mbali na moto wa babu zao.

Ndani ya nyumba, mpangilio wa familia ulisomeka katika majina. Mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo na wa sita Mbusa. Wasichana nao wana safu yao, na mzaliwa wao wa kwanza ni Masika. Kwa hiyo mgeni anayesikia jina hujua papo hapo nafasi ya mtu kati ya ndugu zake. Nafasi hiyo haikuwa ya heshima tu. Wakubwa waliwabeba wadogo mgongoni, wakateka maji na kukusanya kuni. Mzaliwa wa kwanza alitazamiwa kushika mahali pa baba katika mashauri.

Kazi kubwa ya chakula ilikuwa ya mwanamke. Yeye alilima maharage, mihogo, mahindi na viazi, na ndiye aliyesonga obundu, yaani ugali, na kupika sombe. Mzigo aliubeba mgongoni, mkanda wake ukipita kwenye paji la uso, kwa kuwa katika milima yenye miteremko mikali mzigo wa kichwani ni hatari. Mwanamume alifyeka msitu, alijenga, alipanda migomba na kutengeneza pombe ya ndizi, kasiksi, ambayo bila hiyo hapakuwa na posa wala mapatano.

4.0 Kazi: mwami, kodi na barabara

Ardhi iliyolimwa haikuwa mali ya soko. Iligawiwa na wakuu wa ardhi chini ya mwami, na mlimaji alitoa kila mara zawadi ya kuutambua ukuu huo. Randall Packard, katika kitabu chake Chiefship and Cosmology (1981) kinachohusu Wabashu wa Beni, ameonyesha kwamba mwami alihesabiwa kuwa mlinzi wa mvua na wa afya ya nchi. Njaa ilikuwa shauri la utawala.

Utawala wa Kibelgiji ulileta kazi ya namna nyingine. Kodi ya fedha ilimlazimu kila mwanamume kutafuta faranga. Kuanzia mwaka 1917 mlimaji aliweza kushurutishwa kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali hadi siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikafanywa 120. Mwaka 1925 iliundwa hifadhi iliyoitwa Parc Albert, Virunga ya leo, nayo ilipopanuliwa miaka iliyofuata ilikata njia ya watu wa mlimani kuelekea bonde na Ziwa Edward. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, chombo cha kuwagawia walowezi ardhi. Karibu na wakati huohuo kampuni ya madini ya MGL iliingia, na kutokana na kituo chake mji wa Butembo ukakua.

Maneno yanashuhudia mabadiliko hayo. Kapita, msimamizi wa kazi, ni neno lenye asili ya Kireno lililopanda kutoka Kongo ya Chini pamoja na biashara na makampuni. Posho lilikuwa chakula cha mfanyakazi wa kambini. Salongo, kazi ya lazima ya kufanya usafi na kutengeneza barabara, lilienea wakati wa Mobutu. Likelemba, mchango wa zamu wa fedha kati ya rafiki, limetoka Kilingala. Nyumbani watu waliendelea kusema Kinande. Kazini na sokoni walikutana katika Kiswahili. Mpaka kati ya nyumba na kazi ulikuwa pia mpaka wa lugha, na mtoto aliuvuka mara kadhaa kwa siku.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mlima uliendelea kulisha miji. Katika miaka ya 1970 na 1980 wafanyabiashara wa Kinande walipeleka maharage na mboga hadi Kisangani na Kinshasa. Kahawa nayo iliwaletea wengi fedha, hasa bei ilipopanda duniani baada ya baridi kali kuiharibu kahawa ya Brazili mwaka 1975. Serikali ilipotwaa biashara za wageni kwa tangazo la tarehe 30 Novemba 1973, na kisha ikaziacha barabara ziharibike, watu walijifunza kujitegemea. Chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili linalosukumwa na kijana na kuteremshwa mlimani kwa mwendo wa kutisha, ni ushahidi wa kujitegemea huko. Chombo hicho kilichotengenezwa kwa panga na kipande cha mpira wa gari kilibeba magunia ambayo lori halikuweza tena kuyafikia.

5.0 Siku ya mapumziko na uwanja wa misheni

Mapadre wa shirika la Assomption walifika mwaka 1929. Misheni zao, kama zile za Wabaptisti huko Katwa, aghalabu zilifuata ramani moja: kanisa, shule, zahanati, na mbele yake ardhi iliyosawazishwa. Katika nchi ya miteremko, ardhi tambarare ni mali adimu. Hapo ndipo mupira ulipochezwa, na hapo ndipo watoto wa milima mbalimbali walipofahamiana.

Wiki yenyewe ilipata umbo jipya. Mkatoliki alipumzika Jumapili. Mwadventista, ambaye kanisa lake limejenga chuo kikuu huko Lukanga, alipumzika Jumamosi. Siku za soko zilipangwa kwa kuzingatia ibada hizo. Baada ya misa, wanaume waliokuwa wakikaa kwenye kyaghanda walisimama kandokando ya uwanja, na mashauri ya posa, ya mipaka ya mashamba na ya madeni yalizungumzwa mpira ukiendelea. Kwa maana hiyo uwanja wa misheni ulirithi sehemu ya kazi ya kyaghanda, na uliongeza jambo ambalo kyaghanda hakikuwa nalo: wanawake na watu wa koo nyingine waliweza kuwapo.

Lakini ardhi hiyo ilikuwa ya nani? Desturi ilisema ni ya mwami. Hati, ilipokuwapo, ilisema ni ya misheni. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikatangaza kwamba ardhi yote ni mali ya dola. Miongoni mwa madai hayo matatu, haki ya watu waliocheza hapo kila Jumapili haikuandikwa popote. Hapana askofu aliyefuga sungura Luofu, na hapana aliyelazimika kuihifadhi kwa maandishi haki ya wananchi.

6.0 Uwanja wakati wa vita

Udhaifu huo ulidhihirika vita vilipokuja. Mwanzoni mwa mwaka 2009 majeshi ya Kongo na Rwanda yaliwashambulia waasi wa FDLR katika operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Umoja Wetu. Ikafuatwa na nyingine iliyoitwa Kimia, neno la Kilingala lenye maana ya amani. Waasi walilipiza kisasi kwa raia. Mwezi Aprili mwaka huo waliishambulia Luofu usiku, wakazichoma nyumba nyingi, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Majina mazuri ya operesheni hizo hayakuzikinga paa za majani.

Katika vita kama hivyo familia iliyokimbia hutafuta shule, kanisa na ardhi iliyo wazi. Mahali pa mchezo hugeuka mahali pa kulala, na siku ya mapumziko hupoteza maana, kwa kuwa asiye na shamba hana kazi ya kupumzika kutokana nayo. Mwaka 2018 Butembo na Beni zilipatwa pia na Ebola, iliyoua watu 2287 kabla ya kutangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Kushikana mikono na kumwosha maiti wa familia vikawa hatari. Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga na Kirumba, miji jirani ya Luofu, iliangukia mikononi mwa M23, na maelfu ya watu wakashika tena barabara ya kaskazini.

Hata hivyo desturi haikufa. Wanaofika Butembo hutafuta kwanza wa ukoo wao. Kambale hupokewa na Kambale mwingine, likelemba huanza upya kwa fedha kidogo, na watoto hupata mahali pa kuupigia mpira wa matambara, japo ni njiani.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika nyanda za Lubero maisha ya nyumbani yalikuwa na mpangilio thabiti uliosomeka hata katika majina, na kwamba kazi ilibadilishwa mara nyingi na watawala bila kuuvunja mpangilio huo. Uwanja ndio uliobaki bila mwenyewe anayetambuliwa. Watu wa St Andrews hawakuuokoa uwanja wao kwa kuupenda mchezo zaidi ya wengine; walikuwa na karatasi ya mwaka 1552 iliyozitaja haki zao, na mwishowe mnunuzi aliyeuokoa mchezo. Watu wa Luofu wanayo kumbukumbu inayojua ni nani waliokaa kwenye moto gani, na ni koo zipi zilizokutana kwenye uwanja upi. Kumbukumbu hiyo ingali vinywani mwa wazee ambao wengi wao wako ugenini. Hapana budi iandikwe mapema, kwa Kinande na kwa Kiswahili, kwani siku watu watakaporudi makwao, swali la kwanza halitakuwa nani alishinda vita. Litakuwa: mpaka wa shamba ulipita wapi, na uwanja ulikuwa wa nani?