Kuwatafuta Mababu Zetu Wahunzi wa Buha

Wasikilizaji na wasomaji wetu, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu cho chote, walakini kazi ya mikono yao ililisha nchi nzima. Hao ni wahunzi wa zamani wa Buha, yaani wale waliofua majembe, mikuki, mashoka na visu katika milima na mabonde ya Kasulu na Kibondo. Wengi wetu tu wajukuu wao, wala hatujui. Ukimwuliza kijana jina la babu yake, atalitaja upesi. Ukimwuliza jina la baba wa babu, atafikiri kwanza. Ukisogea hatua moja tena, atanyamaza. Twataka kuonyesha ya kuwa iko njia ya kuuvuka ukimya huo, nayo hupita katika kazi aliyoifanya mtu kuliko katika jina lake.

Kwanza yatupasa kufahamu mhunzi alikuwa nani. Buha ya zamani iligawanyika katika tawala kadha wa kadha: Heru na Luguru upande wa Kasulu, Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, na nyingine kuelekea ziwani. Kila utawala ulikuwa na mwami wake. Lakini mwami na raia wote walikula kwa jembe. Tena jembe halikuwa chombo cha shamba tu, lilikuwa mali. Lilitolewa katika mahari, lilibadilishwa kwa chumvi ya Uvinza, nalo lilichukuliwa mabegani hata masoko ya mbali. Basi mtu aliyejua kuligeuza jiwe likawa jembe aliheshimiwa, na kuogopwa kidogo vile vile. Kwa jirani zetu wa Rwanda nyundo ya mhunzi ilikuwa alama ya ufalme. Kaburi la Mwami Cyirima Rujugira, aliyetawala katika karne ya 18, lilipofunuliwa mwaka 1969, zilikutwa nyundo za chuma zilizozikwa pamoja naye.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe, kwa maana asiyeijua kazi hatazitambua alama zake. Wahunzi walitafuta mawe au udongo wenye chuma, mzito na mwekundu. Walikata miti migumu, wakachoma makaa mengi. Walijenga tanuri la udongo, wakaingiza chini yake mabomba ya udongo, na nyuma ya mabomba wakaweka mivukuto, yaani vyombo vilivyofunikwa kwa ngozi laini, iliyopandishwa na kushushwa kwa vijiti. Makaa na mawe yalitiwa tabaka juu ya tabaka, kisha mivukuto ikapulizwa saa nyingi bila kukoma. Chuma hakikuyeyuka kikawa kama maji. Kilibaki katikati ya moto kama bonge lenye matundu, na takataka zake ndizo zilizoyeyuka zikatiririka chini. Takataka hizo zikipoa huwa mawe meusi, mazito, yenye kung'aa mahali mahali. Ndiyo mavi ya chuma. Bonge lile lilipashwa moto tena na tena, likapigwa juu ya fuawe hata likatakata, likawa jembe lenye mkia mwembamba wa kupenya katika mpini.

Kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja. Wako waliochoma makaa, waliobeba mawe, waliofinyanga mabomba, na vijana wa mivukuto. Mtoto wa mhunzi alianza kwa kupuliza, akaendelea kwa kushika koleo, na baada ya miaka mingi akakabidhiwa nyundo. Miiko nayo ilikuwako: katika nchi nyingi za maziwa makuu wayeyushaji walijitenga na wake zao siku za tanuri, wasije wakaharibu kazi. Kwa hiyo ujuzi ulikaa ndani ya ukoo, ukapita toka baba hata mwana. Jambo hili lafaa sana kwa mtafutaji, kwa kuwa ukimpata mhunzi mmoja, huenda umepata baba yake na babu yake pia.

Je, watu hawa walipoteaje? Hawakupotea siku moja. Majembe ya viwanda vya Ulaya yaliletwa na wafanya biashara, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 yakaja mengi na kwa bei nafuu. Matanuri ndiyo yaliyozimika kwanza. Wahunzi waliendelea kufua, lakini walifua vyuma vikuukuu vilivyotoka kwa wageni, wala si chuma cha milimani. Kisha ikaja kodi ya fedha, na vijana wakatoka kuitafuta. Maelfu ya Waha walikwenda mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, na tangu mwaka 1944 wengi walichukuliwa na Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya katani ya kuandika wafanya kazi. Huko waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na nambari yake. Alipewa kipande, na kila siku ya kazi ikatiwa alama, hata zikatimia 30. Kijana ambaye kwao alijulikana kama mwana wa mhunzi fulani, huko alijulikana kwa hesabu.

Zaidi ya hayo watu walihamishwa. Tangu mwaka 1933 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu wengi wa Buha katika makao yao ya kutawanyika, ikawakusanya mahali pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o. Mwaka 1972 watu wa Kigoma walianza kuhamishwa tena kwa wingi, mara hii kuingia vijiji vya ujamaa. Basi familia zilihama mara mbili katika miaka 40, na kila zilipohama ziliacha nyuma makaburi, miti ya mipaka, na mahali pa tanuri. Mzee aliyezoea kusema, "Pale ndipo baba yangu alipofulia," hakuwa na pale pa kuonyesha kwa kidole. Hadithi isiyo na mahali hufa upesi.

Wasikilizaji wetu, msidhani ya kuwa hasara hii imetupata sisi peke yetu. Ziko nchi zenye maandiko mengi ambazo nazo zimepatwa. Katika Ireland, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, wako watu ambao mababu zao walikuwa mafundi wa saa, nao hupenda kuwatafuta. Lakini tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya hati za serikali mjini Dublin ililipuka na kuungua. Vitabu vingi vya ubatizo na vya maziko viliteketea, pamoja na karibu hesabu zote za watu za miaka 1821 hadi 1851. Hesabu za miaka iliyofuata zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe, hata zilizosalia nzima ni za mwaka 1901 na 1911.

Wajukuu wa mafundi wale hufanyaje? Huifuata kazi. Fundi wa saa aliandika jina lake na jina la mji wake katika uso wa saa, au alilichora juu ya bamba la shaba ndani yake. Aliyetengeneza saa iliyoharibika aliweka ndani ya kifuniko karatasi ndogo ya mviringo yenye jina la duka lake, au alikwaruza alama kwa ncha ya sindano. Chama cha wafua dhahabu wa Dublin, kilichopewa hati ya mfalme mwaka 1637, kilipokea mafundi wa saa pia, na vitabu vyake husaidia kuonyesha nani alifanya kazi na lini. Hivyo saa iliyosimama zamani, isiyoweza kusema saa ngapi, yaweza kusema ni nani aliyeishika.

Tena watu wale wamejifunza kujihadhari. Mara nyingi jina lililo katika uso wa saa si la aliyeitengeneza, bali la aliyeiuza. Nasi tuna hatari iyo hiyo. Jembe kuukuu lililokutwa Kasulu huenda lilifuliwa Buzinza au Burundi, likaja kwa biashara au kwa mahari. Kitu kimoja peke yake hakitoshi kuwa ushahidi.

Basi na tupange mashahidi watatu. Shahidi wa kwanza ni wazee. Msiwaulize majina tu, ulizeni kazi: nani alipuliza mivukuto, makaa yalichomwa wapi, nani alilipwa nini kwa jembe moja. Msiwasahau bibi zetu. Mwulizeni bibi mama yake au nyanya yake aliolewa kwa mahari gani. Na kama palikuwa na majembe, yalitoka kwa fundi gani. Mwanamke huhama kwao akaolewa mbali, naye huchukua kumbukumbu ambazo ndugu zake waliobaki nyumbani wamezisahau.

Mzee asiyejua mwaka asihesabiwe kuwa hajui kitu. Mpeni kalenda ya mambo makuu. Sotoka ya ng'ombe ilipita nchi za maziwa karibu na mwaka 1891. Wadachi waliweka boma Ujiji mwaka 1896. Wabelgiji waliingia Kigoma mwaka 1916, wakaiachia Uingereza mwaka 1921. Watu walianza kuhamishwa kwa malale mwaka 1933. Mwami Theresa Ntare alitawazwa Heru mwaka 1946. Tuseme mzee asema, "Baba yangu alikuwa mtoto wa kupuliza mivukuto Wabelgiji walipokuja." Kama mtoto huyo alikuwa na miaka kama 10, alizaliwa karibu na mwaka 1906. Na baba yake, aliyeshika nyundo, huenda alizaliwa karibu na mwaka 1880, kabla ya boma la Ujiji. Hapo umekwisha kuvuka karne moja na zaidi kwa neno moja la mzee.

Shahidi wa pili ni ardhi. Mavi ya chuma hayaozi, wala mabomba ya udongo yaliyochomwa hayaozi. Yakionekana mengi mahali pamoja, kando ya kijito au katika shamba jipya, patieni alama na kuandika jina la kilima na la mwenye shamba. Walakini msichimbe. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba bila kibali, nayo ina sababu: kipande cha mkaa kikitolewa ovyo hakiwezi tena kuonyesha kwa hakika umri wa mahali kilipotoka. Palipochimbwa na wenye ujuzi faida huonekana. Mwaka 1967 wataalamu Sutton na Roberts walichimba penye chemchemi za chumvi za Uvinza, wakakuta vigae vilivyoonyesha ya kuwa watu walipika chumvi pale zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Hakuna mzee aliyeweza kukumbuka mbali hivyo.

Shahidi wa tatu ni karatasi: vitabu vya ubatizo vya misheni, stakabadhi za kodi, vipande vya katani vilivyofichwa katika sanduku. Mara nyingi kazi haikutajwa humo, lakini jina la baba au la kijiji cha zamani laweza kuwamo. Mashahidi watatu wakipatana, andikeni. Wakipingana, andikeni maneno ya kila mmoja, wala msichague lile linalowapendeza.

Twasema haya kwa haraka kwa sababu waliouona moto wa tanuri kwa macho yao wamekwisha kufa. Waliobaki ni wale waliosikia kwao, nao ni wachache kila mwaka. Kila daftari la shule la kurasa 40 latosha kwa ukoo mmoja. Tuliita "mali" jembe ambalo mhunzi alilifua, tukalilimia, tukalitolea mahari, likaisha kwa kulimiwa. Jina lake yeye laweza kudumu kuliko jembe, ikiwa mjukuu atakaa na mzee jioni moja tu, akiwa na kalamu mkononi.