Nani Amlipe Mwalimu? Kutoka Lwiro hadi Texas

Kabla ya Septemba 2019, mwalimu wa shule ya msingi huku Lwiro, Kivu ya Kusini, alikuwa na waajiri wawili. Serikali ya Kinshasa ilimlipa kidogo, au haikumlipa kabisa. Wazazi walimlipa primi, mchango wa kila mwezi. Desturi hiyo ilishika mizizi miaka ya mwanzo ya 1990, mishahara ya Zaire ilipoporomoka. Mwezi ukifika mwisho yalisomwa majina ya wasiolipa, nao wakaondoka na madaftari yao. Mama aliuza maharagwe sokoni Katana au dumu la kasiksi, pombe ya ndizi, akamlipia mtoto mmoja, mwingine akasubiri. Na aliyesubiri mara nyingi alikuwa msichana. Mwisho wa mwaka buletini, ripoti ya masomo, ilifungiwa kabatini kwa mkurugenzi hadi deni liishe.

Marekani nako wanabishana juu ya jambo hilohilo: fedha ipitie mikono ya nani kabla ya kumfikia mwalimu. Milwaukee ilianza mwaka 1990 kuwapa watoto wa familia maskini vocha za kusomea shule binafsi. Arizona mwaka 2022 ikamfungulia mlango kila mzazi, tajiri kwa maskini: achukue takriban dola 7,000 za serikali kwa mwaka, azipeleke anakotaka. Texas ikafuata mwaka 2025 na kutenga dola bilioni 1.

Mtu wa Kivu atasema huyo mzazi hatoi kitu mfukoni. Kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini shule binafsi inaweza kudai zaidi ya vocha, na inaweza kumkataa mtoto. Anayechagua, basi, ni shule. Hilo sisi tunalifahamu: mtoto wa mfanyabiashara hakusomwa jina lake.

Mbele ya sheria mambo yamepinduka. Shule za Marekani hutegemea sana kodi ya majumba, kwa hiyo mtaa wa matajiri una shule tajiri. Wazazi wa Edgewood, mjini San Antonio, walikwenda mahakamani kupinga hilo. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliwakatalia kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema katiba ya taifa haiitaji elimu kuwa haki. Katiba za majimbo ndizo zinazoizungumzia. Yetu ya 2006, ibara ya 43, inatamka wazi kuwa elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Ilichukua miaka 13, hadi Septemba 2019, kuanza kutekelezwa.

Kuna mahali tumewatangulia, ingawa hakuna anayekuja kutuuliza. Mwaka 2025 majaji wa Washington waligawanyika 4 kwa 4 juu ya shule ya Kikatoliki ya Oklahoma iliyotaka kuendeshwa kwa fedha za umma, na marufuku ya mahakama ya jimbo ikabaki. Kwetu, Rais Mobutu alizitaifisha shule za makanisa mwaka 1974, akashindwa kuziendesha, akazirudisha kwa mkataba wa 1977: serikali imlipe mwalimu, kanisa liongoze. Teritwari yetu nzima ya Kabare haioni ajabu yoyote.

Elimu ya bure ilijaza madarasa mpaka watoto wakabanana madawatini, huku walimu wengi, wale wa N.U. (nouvelles unités), wakibaki nje ya orodha ya mishahara. Michango ikarudi kwa majina mengine. Kisha Februari 2025 waasi wa M23 wakaichukua Bukavu, benki zikafungwa, na mshahara kutoka Kinshasa ukawa safari ndefu zaidi.

Nikitafuta mtu wa kuzungumza na mzazi wa Lwiro, simwendei mwanaharakati wa vocha. Namwendea mbunge wa vijijini Texas, Mrepublican, aliyepiga kura mwaka 2023 kuziangusha. Kwake, kama kwetu, shule iliyo karibu ni moja tu.