Malipo ya Uhifadhi na Daftari la Umma

Katika uchumi wa kilimo, malipo ya uhifadhi ni fedha, chakula au vifaa anavyopewa mkulima na serikali ili ahifadhi udongo, maji au miti katika shamba lake mwenyewe, kwa hoja kwamba faida ya kazi hiyo huvuka mpaka wa shamba na kuwafikia watu ambao hawakushika jembe. Wengi huyaita ruzuku ya uhifadhi. Neno ruzuku, lenye asili moja na riziki, limekwisha kuzoeleka katika bajeti na magazeti, na hakuna haja ya kulifukuza. Lakini linafaa zaidi kwa mbolea ya bei nafuu, ambako serikali hubeba sehemu ya gharama ya mkulima, kuliko kwa tuta lililochimbwa, ambako mkulima ndiye anayetoa kazi na umma ndio unaoinunua. Zawadi haidaiwi hesabu, ilhali ununuzi hudaiwa.

Ukambani, nchini Kenya, uhifadhi ulianza kama amri. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Wakamba wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, kupunguza ng'ombe wao kwa hoja ya kuokoa malisho, umati ulimfuata kiongozi wao Muindi Mbingu hadi Nairobi kupinga. Miongo mingi baadaye, katika miaka ya ukame, kazi ya uhifadhi ilianza kulipiwa: chini ya utaratibu wa chakula kwa kazi, kisha fedha kwa kazi, ambao serikali iliuendesha pamoja na Mpango wa Chakula Duniani, kaya zenye uhitaji huko Mwingi na Makueni zilichimba mashimo ya zai ya kupandia, vidimbwi vya maji ya mvua na matuta ya fanya juu, yaani yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko ili kuzuia maji.

Kaya hizo ziliteuliwa barazani. Wanakijiji walichagua kamati na kukubaliana juu ya vigezo vya uhitaji, kisha majina yakasomwa mbele ya wote, ili aliyeachwa aweze kulalamika na jirani aweze kusema kwamba fulani, anayejiita maskini, ana ng'ombe ishirini. Uwazi wa namna hii pengine ni mkali kuliko wa tovuti yoyote, kwa kuwa kila msikilizaji anamjua anayetajwa. Udhaifu wake ni kwamba huishia pale baraza linapovunjika, na hautazami juu. Anayesikia majina si lazima asikie mita moja ya tuta imelipiwa shilingi ngapi, wala kata nzima ilitengewa kiasi gani.

Sheria inampa haki ya kuuliza. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamhakikishia raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, ibara ya 201 inadai uwazi katika fedha za umma, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza njia ya kuziomba. Makueni ilikwenda mbele kwa kanuni zake za mfuko wa tabianchi za 2015, ambazo zilizipa kamati za wadi nafasi ya kupendekeza miradi, kama vile bwawa la mchanga. Lakini bwawa kama hilo ni mali ya kijiji kizima, na kutangaza gharama yake hakumwanikii mtu kipato chake.

Malipo ya mtu mmoja mmoja ni jambo jingine. Mnamo 9 Novemba 2010, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha utangazaji wa majina ya wakulima wote waliopokea fedha za kilimo bila kujali kiasi wala muda, na kanuni mpya za 2013 zikarudisha majina huku zikiwasitiri waliopokea kiasi kidogo. Hoja hiyo ina uzito Mwingi pia, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ingawa kiwango cha Ulaya kikichukuliwa kama kilivyo kingewaficha karibu wachimbaji wote na kulirudisha daftari la malipo gizani. Lililo jepesi kutekelezwa ni kubandika katika ofisi ya chifu jina la kijiji, urefu wa matuta, kiwango cha malipo na jumla ya fedha zilizopokewa, kuliachia baraza kazi ya majina, na kubakisha namba za simu na za vitambulisho katika jalada la mlipaji.