Pantheon, Hekalu Lililogeuka Kanisa

Tuliingia Pantheon, mjini Roma, mvua ikinyesha. Na ndani nako ilinyesha. Kileleni mwa kuba kuna tundu lenye upana wa karibu mita 9, lisilo na kioo wala kifuniko, na maji hutoweka kupitia vitundu vya sakafuni. Juu ya nguzo za mbele limeandikwa jina la Agrippa, ingawa jengo tulionalo lilikamilika zama za Kaisari Hadriano, yapata mwaka 126. Hakuliandika jina lake. Jambo adimu kwa watawala.

Mwaka 609 Papa Bonifasi IV, akiisha kulipewa na Kaisari Phocas, alilitabaruku kwa heshima ya Bikira Maria na Wafiadini wote. Mahekalu mengi yaligeuzwa machimbo ya mawe. Hili lilisalimika kwa kuwa watu walisali humo.

Hata hivyo tusijisifu upesi. Mwaka 663 Kaisari Konstansi II, Mkristo, aling'oa vigae vya shaba vya paani. Katika karne ya 17 Papa Urbano VIII aliondoa shaba ya barazani, na sehemu kubwa ikayeyushwa kuwa mizinga ya ngome ya Castel Sant'Angelo. Tulisimama barazani tukatazama juu. Kuna boriti za mbao tu.