Nani Anayeziba Barabara za Nairobi?

Mabishano ya Nairobi juu ya njia za baiskeli si ya jana wala juzi. Mji huo, ulioanza mwaka 1899 kama kituo cha reli, ulijengwa na wakoloni kwa mpango wa kutenganisha watu. Wenye motokaa waliishi vilimani, upande wa magharibi. Wafanyakazi Waafrika wakawekwa mashariki, Pumwani, Kaloleni na kwingineko, ambako kila alfajiri walikwenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli. Barabara zilichorwa kwa ajili ya wale wa kwanza. Hawa wa pili waliachiwa ukingo wa vumbi.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963, lakini ukingo ule haukupanuka. Magari yaliongezeka, na kila msongamano ulipozidi, dawa iliyotolewa ilikuwa kuongeza lami. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, angalau iliwekewa njia za baiskeli na madaraja ya waendao kwa miguu. Mwaka 2015 serikali ya mji ilitoa sera iliyoahidi asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili ya watu hao. Haikupita miaka kumi: mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya kulipia yenye urefu wa kilometa 27, na humo baiskeli hairuhusiwi kabisa.

Wanaozipinga njia za baiskeli wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Husema kwamba njia hizo hugeuka magenge ya wachuuzi, maegesho ya matatu na vichochoro vya pikipiki. Ni kweli, lakini hilo ni suala la ulinzi wa njia, si kosa la njia yenyewe. Askari wa usalama barabarani asimamaye kwenye makutano hulijua jambo hili kuliko wachora ramani. Motokaa moja iliyombeba mtu mmoja hula nafasi ya baiskeli kadhaa, na gari la wagonjwa linapokwama, halikwami nyuma ya baiskeli.

Bujumbura ilichagua dawa tofauti. Mwezi Machi 2022 serikali ya Burundi, ikitaja wingi wa ajali, ilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji zisiingie sehemu kubwa ya mji. Amri hiyo ilitekelezwa upesi. Kisha mafuta yakaadimika nchini, na watu waliokuwa na baiskeli nzima nyumbani wakapanga foleni kungojea mabasi yasiyokuja.