Mwambao wa Mweru: Karne mbili za wageni

Luxembourg ni nchi ndogo ya Ulaya inayosifiwa na watalii kwa kukusanya mengi mahali padogo: misitu, mabonde, ngome za kale na lugha tatu za kazi. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,586. Ziwa Mweru peke yake, lililo kati ya Zambia na Kongo, lina kilomita za mraba zipatazo 5,120, yaani karibu Luxembourg mbili. Ukiongeza maporomoko, visiwa, vinamasi na ufalme wa Mwata Kazembe, unapata kona ya Afrika ambayo mtu anaweza kumalizia likizo nzima bila kuchoka. Hata hivyo, Waafrika Mashariki wengi hawajawahi kuisikia Nchelenge, mji ulio kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa hilo.

Babu zetu waliijua kona hii. Historia ya mwambao huu ni historia ya wageni, na Waswahili ni miongoni mwa wageni wake wa zamani.

Udongo na maji

Simulizi za bonde la Mto Luapula huanza na mwanamke. Kabla ya Walunda kuja, maji na ardhi vilikuwa mikononi mwa Washila, wavuvi waliotawaliwa na Nkuba. Inasimuliwa kwamba Nkuba alimuua mpwa wake, mtoto wa dada yake Nachituti, na mama huyo akagundua kuwa ngozi ya mwanawe ilikuwa imefichwa chini ya mkeka aliokalia kaka yake. Nachituti akaenda kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Kilunda aliyekuwa ametoka magharibi, akaomba alipiziwe kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti akamkabidhi Kazembe kapu la udongo na chombo cha maji: udongo kwa ajili ya nchi, maji kwa ajili ya mito na ziwa. Hadi leo masimulizi hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini Walunda wanatawala na kwa nini Washila wanaheshimiwa kama wenye maji.

Kufikia mwisho wa karne ya 18, jumba la Kazembe lilikuwa njia panda ya biashara. Mreno Francisco José de Lacerda e Almeida alifika mwaka 1798 akitokea Tete, akafia hapohapo mwezi Oktoba. Mwaka 1806 waliwasili wafanyabiashara wawili Waafrika kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José. Kazembe aliwazuia kwa miaka kadhaa kabla hawajafika Tete mwaka 1811. Mgeni aliingia kwa idhini ya Mwata, na alitoka kwa idhini yake pia.

Misafara kutoka pwani

Kutoka mashariki walikuja Waarabu na Waswahili, wakileta nguo, shanga na bunduki, wakitafuta pembe za ndovu na shaba ya Katanga. Wanyamwezi nao walifika. Mmoja wao, Msiri, alivuka Luapula na kujenga dola yake huko Garenganze, akamnyang'anya Kazembe biashara ya magharibi, hadi alipouawa mwaka 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Anayejulikana zaidi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, chifu wa Watabwa aliyeogopwa sana katika nchi iliyo kaskazini-mashariki ya ziwa. Baadaye Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na vita hivyo vimo. Kwa hiyo habari za nchi hii zimo katika maandishi ya lugha yetu tangu zamani.

Ukweli lazima usemwe wote. Misafara hiyo ilibeba pembe, na ilibeba watu pia. Vijiji vilichomwa, mateka wakatembezwa hadi pwani. Msomaji wa Kiswahili anapofika Luapula leo, anafika mahali ambapo watu wake waliwahi kufanya biashara, na pia waliwahi kuumiza.

Mwaka huohuo wa 1867, mpelelezi David Livingstone alisafiri sehemu ya njia ya misafara hiyo pamoja na wafanyabiashara Waarabu. Aliliona ziwa tarehe 8 Novemba 1867, na wiki mbili hivi baadaye akapokelewa na Kazembe wa saba, Muonga. Mwata alikuwa mbele ya nyumba yake, kiti chake kimewekwa juu ya ngozi za simba na chui, naye amevaa kitambaa cha buluu na nyeupe chenye ukingo mwekundu. Hapo Livingstone alimkuta Mohamad bin Saleh, Mwarabu aliyezuiliwa katika nchi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, akasaidia kumwombea ruhusa ya kuondoka. Katika safari hiyo ya miaka mingi walikuwamo wasaidizi wake Susi na Chuma, ambao hatimaye waliupeleka mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo mwaka 1874.

Mpaka, misheni na samaki

Mwaka 1894 Uingereza na Leopold walikubaliana mpaka upite katika Mto Luapula na katikati ya ziwa. Ndugu wakajikuta katika nchi mbili. Katika miaka hiyo mmisionari Dan Crawford alianzisha misheni ya Luanza upande wa Kongo. Mwaka 1899 askari wa Waingereza waliuchoma mji wa Mwata Kazembe, naye akakimbilia kwa wamisionari wa Mambilima kabla ya kurejea. Huko Mbereshi, Mabel Shaw alianzisha shule ya bweni ya wasichana mwaka 1915.

Kisha wakaja wageni wa biashara ya samaki. Migodi ya shaba ya Katanga ilihitaji chakula cha wafanyakazi, na wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga wakapeleka malori ya samaki Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Samaki aliyetafutwa zaidi ni mpumbu, aliyepanda Luapula kwa makundi kutaga mayai. Wavuvi walimngojea mtoni humo humo, akiwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1950 mpumbu alikuwa ameadimika, na soko likahamia kwa samaki aitwaye pale, aina ya perege. Leo wengi wanaishi kwa chisense, samaki wadogo kama dagaa, wanaovuliwa usiku kwa taa. Asubuhi huanikwa juani, na harufu yake hukufikia kabla hujaliona soko la Kashikishi.

Somo liko wazi. Mgeni anayechukua bila kipimo huacha umaskini nyuma yake. Utalii ukija kwa njia hiyo, mwisho wake utakuwa kama wa mpumbu.

Likizo ya leo

Safari yenyewe imekuwa rahisi. Daraja la Chembe juu ya Luapula, lililofunguliwa mwaka 2008, liliondoa foleni za pantoni kwa wanaotoka Copperbelt kupitia Kongo. Anayetoka Tanzania anaweza kufuata reli ya TAZARA hadi Kasama, kisha barabara ya Luwingu na Mansa, na kutoka hapo kuelekea kaskazini hadi ziwani.

Njiani usipite Kawambwa bila kusimama. Maporomoko ya Ntumbachushi yako karibu. Mbele zaidi, kwenye Mto Kalungwishi, yapo ya Lumangwe, yenye urefu wa zaidi ya mita 30, na chini yake ya Kabwelume. Wenyeji husimulia kuwa joka kuu, Lumangwe, hujinyoosha kati ya maporomoko hayo mawili. Mwishoni mwa Julai, huko Mwansabombwe, Mwata hucheza Mutomboko mbele ya watu wake akiwa na upanga na shoka.

Nchelenge nako jua huzama ng'ambo, upande wa Kongo, na Kiswahili cha huko huvuka maji pamoja na wafanyabiashara. Wilaya hii pia ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa Wakongo waliokimbia mapigano. Wageni bado wanapokelewa.

Anayepanga kwenda azingatie mambo machache. Malaria ni kali sana hapa, hivyo chandarua na ushauri wa daktari ni lazima. Uvuvi kwa kawaida husimamishwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Usiwashawishi watu wakuuzie samaki waliovuliwa kinyume cha sheria. Lala katika nyumba za wageni za wenyeji, lipa mwongoza njia wa kijijini, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha mahali pa ibada.

Serikali za Zambia, Kongo na Tanzania nazo zina kazi: kulitangaza ziwa hili kwa Kiswahili, na kuhakikisha mapato yanabaki kwa wavuvi na kwa vijiji vya maporomoko. Na wewe msomaji, kabla hujaweka akiba ya likizo ya Ulaya, ipe Luapula nafasi. Nenda kama mgeni mwenye adabu, utakaribishwa.